Mgeni wa Saa Sita Mchana

Mjini Migori, ukifiwa, hukawii kufika kwa Valary. Si mchungaji wala muuza majeneza. Ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja mwenye saiba, kiduka kidogo cha kompyuta na printa, nyuma ya stendi, na kazi inayompa ugali ni kuchapa vijitabu vya mazishi. Watu humletea picha ya marehemu na karatasi iliyokunjwa mara nne, naye huwauliza taratibu: alizaliwa na nani, aliolewa wapi, ameacha nani. Amewaandikia wafu wasifu mpaka anazijua koo za watu kuliko wenyewe wanavyozijua. Ukoo wake tu ndio hakuwahi kuuandika. Baba yake alifariki Valary akiwa na miaka minne, na aliyekichapa kijitabu chake ni mtu mwingine.

Jambo la pili ambalo watu walimjulia ni gemu. Wateja walizoea kumkuta, foleni ikipungua, ameinamia kimashine chake cha gemu cha mkononi, au ametega simu kwenye kikombe akitazama anime, zile katuni za Kijapani. Hakuona haya. Kila siku ya mwisho wa mwezi aliandika kwenye daftari alichotazama na alichocheza, kipi kilimkuna na kipi kilimchosha, kisha akajirekodi akisoma na kuwatumia wenzake wanne kwenye kikundi cha WhatsApp. Mmoja wao alikuwa Arasa, mwalimu wa hesabu ambaye walifahamiana chuoni, na ambaye hakubali kitu mpaka akione. Walimpenda Valary kwa sababu hakusifu ovyo. "Mapigano ni mazuri," aliwahi kusema kuhusu anime moja iliyokuwa ikiwatoa watu machozi, "lakini shujaa akianza kulia kila sehemu, na mimi naanza kuangalia saa."

Mwaka jana, mimba yake ikiwa ya wiki thelathini na moja, alitokwa na damu amesimama mbele ya printa. Alikuwa ameshapoteza mimba moja kabla, ya miezi sita, kwa hiyo hakupiga kelele. Aliketi chini palepale sakafuni, akamwomba mteja ampigie mumewe. Bravin, mumewe, alikuwa Isebania mpakani, anakobadilisha shilingi za Kenya na za Tanzania, na alifika hospitali na noti bado zimo mkononi.

Daktari alieleza kwamba kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini na kuuziba mlango wa uzazi. Mtoto angetolewa kwa upasuaji, akishakomaa. Kabla ya hapo, Valary alale. Asifue, asiiname, asibebe hata ndoo ya maji.

"Nilale mpaka lini?" aliuliza.

"Mwezi mzima, ukibahatika."

Dada yake mkubwa, Rispa, ndiye aliyemchukua. Rispa alikuwa mjane, muuza vitenge sokoni Homa Bay, na nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa mteremkoni mwa kilima cha Asego, mwendo mfupi tu kutoka hospitali kubwa. Alikisogeza kitanda karibu na dirisha ili mdogo wake aone ziwa na magugu yake yanayoelea. Valary aliliangalia ziwa siku moja, akatosheka. Akatoa kimashine, simu, na flashi iliyojaa anime ambayo mteja mmoja alimwachia kama pole.

Wiki ya kwanza, daftari linavyoonyesha, ilikuwa ya raha tupu. Alimaliza gemu ya magari aliyokuwa ameiacha tangu Krismasi. Alitazama sehemu kumi na mbili za anime ya wapishi, akaandika kwamba yaliyomo hayana maana ila supu zimechorwa mpaka unanusa. Kisha akaanza vitu viwili vipya, na kuanzia hapo mwandiko wake unabadilika.

Cha kwanza kilikuwa gemu ya kilimo. Mchezaji hupewa boma tupu lenye ua wa miti na lango moja. Unalima, unafuga, unajenga nyumba. Kila siku ya gemu, jua likiwa utosini, mgeni mmoja husimama langoni na kuuliza swali lilelile, "Utaniita nani?" Ukimwandikia jina, anaingia, anakuwa mkazi, anakusaidia kazi. Ukimkataa anainamisha kichwa, anaondoka, na kesho anakuja mwingine. Basi. Valary aliipenda kwa sababu haikuwa na haraka. Mvua yake, aliandika, inanyesha kama mvua ya kweli, inaanza upande mmoja wa shamba.

Siku ya tisa ya gemu alikuja mwanamke mzee. Alivaa shuka la kahawia, na kitambaa cha kichwani kilikuwa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Vitanda vya wakazi vilikuwa vimejaa, kwa hiyo Valary akamkataa. Mzee hakuinamisha kichwa. Siku ya kumi, saa sita, alikuwa palepale. "Utaniita nani?" Valary akamkataa tena. Siku ya kumi na moja, kadhalika. Hapakuja mgeni mwingine.

Alidhani gemu ina hitilafu. Akaizima, akaiwasha. Mzee alikuwa bado langoni, ila sasa alikuwa ameketi, kwenye kivuli cha ua, miguu ameinyoosha mbele. Katika gemu hiyo hakuna anayeketi. Wakazi husimama, hutembea, hulala; kuketi hawakufundishwa.

Akamwandikia Arasa, ambaye alikuwa na gemu hiyohiyo. Jibu lilikuja kwa sauti. "Wewe Vala, mimi nimeicheza mwaka mzima. Wageni wote ni vijana. Sijawahi kuona mzee hata mmoja."

Valary akapiga picha ya skrini, akaituma. Safari hii Arasa aliandika maneno machache tu: "Huyo ni nani? Na mbona ameketi?"

Kitu cha pili kilikuwa anime. Ilihusu msichana anayefagia kituo cha treni milimani, mahali ambapo treni hazisimami tena. Polepole, picha za rangi ya chai, watu wawili watatu tu. Valary aliitazama mchana, baada ya uji wa saa nne, Rispa akiwa sokoni. Siku moja Rispa alirudi mapema kuchukua mzigo. Alikuwa akifunga vitenge sebuleni, mara akasimama mlangoni.

"Nani huyo anaita dayo?"

"Nani?"

"Huyo kwa simu. Ameita dayo, dayo, dayo. Unatazama sinema za Kijaluo siku hizi?"

Dayo, kwa Kijaluo, ni nyanya; mama ya baba au mama ya mama. Valary akacheka. Akamweleza dada yake kwamba Wajapani wana sauti hiyo mwishoni mwa sentensi, wanaitia kwa kukazia tu. Ukisema "ni kweli" na ukataka mtu akuamini, unaiongeza. Amekuwa akiisikia miaka kumi, haina maana yoyote.

"Sawa," Rispa akasema. "Lakini huyo msichana haongei hivyo. Huyo anaita mtu."

Rispa aliondoka na vitenge vyake. Valary akairudisha nyuma ile sehemu. Msichana alikuwa amesimama kwenye reli na ufagio, anawaambia watu wasioonekana jambo fulani, na kila kauli ilimalizikia palepale. Dayo. Dayo. Kwa miaka kumi sauti ile ilikuwa imempita kama mlio wa feni, na sasa hakuweza tena kuisikia kama zamani. Alijaribu anime ya wapishi, wale wachekeshaji. Nao pia. Mpishi mnene alionja supu, akainua kijiko, akaita nyanya yake.

Akaizima simu. Ilikuwa mchana mweupe, mabati yanalia kwa joto, na nje majirani walikuwa wakianika nguo na kusengenya. Hata hivyo Valary alijifunika shuka mpaka shingoni. Usingizi ukamchukua kwa ghafla, usingizi mzito kama wa mtu aliyenyweshwa dawa.

Akaota. Hakuota gemu wala kituo cha treni. Aliota yumo ndani ya nyumba ya udongo asiyoijua, na nje ya mlango kuna mtu anapumua. Hakubisha hodi. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ubao wa mlango, na alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, bila hasira, "Mmenifungia." Valary alitaka kufungua, lakini mbele yake kulikuwa na mkono mdogo umelishika komeo.

Aliota hivyo siku tatu mfululizo, daima mchana. Siku ya nne alimweleza Rispa kila kitu, gemu, anime na ndoto. Rispa ni mtu wa kanisa, hashiki mambo ya mizimu. Lakini alikulia Ujaluoni, na anajua kwamba mjamzito akijiwa ndotoni na mtu mzima asiyemjua, mtu huyo anatafuta jina.

"Sura yake uliiona?"

"Hapana. Mlango ulikuwa umefungwa."

"Dayo wetu mimi namkumbuka," Rispa akasema. "Alikufa mimi niko darasa la sita. Alikuwa na sauti ya kufukuza mbwa. Huyo wako anaongea polepole. Si yeye." Akafikiri. "Tumwite Waya."

Waya ni shangazi, dada ya baba. Wao walikuwa naye mmoja tu, Priscilla, mwenye miaka sabini na kitu, anayeishi Lambwe kwenye boma la zamani la familia, na ambaye kwa miaka thelathini alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Alifika siku ya pili na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Akamwombea Valary akiwa amemwekea mkono tumboni, akaisifu nyumba, akaulizia bei ya vitenge. Rispa alipolileta lile jambo, uso wa shangazi ukafungika.

"Hizo ni ndoto za kulala mchana," alisema. "Mtu akilala jua likiwa juu, lazima aote upuuzi. Na hiyo mashine, nyathina, mwanangu, iweke kando. Mtoto anasikia."

"Waya," Valary akamwambia, "alisema, 'Mmenifungia.' Na kuna mkono wa mtoto ulikuwa umeshika komeo."

Priscilla alikitazama kikombe cha chai mpaka Rispa akadhani ameugua. Alipofungua mdomo, hakuongea kama kiongozi wa akina mama.

"Huo mkono ulikuwa wangu."

Kisha akawaambia. Yule dayo waliyemjua alikuwa mama yake yeye Priscilla, mke wa kwanza. Hakuwa mama mzazi wa baba yao. Babu yao aliwahi kuoa mke wa pili, msichana wa Kikuria kutoka upande wa Isebania. Alikuwa mpole, mwenye nywele nyingi. Jina lake Gesare. Ndiye aliyemzaa baba yao. Priscilla alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto ana miwili, wakati malale ilipoingia bondeni. Lambwe ya siku hizo ilikuwa na vichaka na mbung'o, na watu waliumwa wakichunga.

"Malale haiui haraka," shangazi akasema. "Inageuza usingizi kwanza. Mtu analala mchana, usiku anatembea. Halafu inageuza akili. Gesare alianza kuongea na watu wasiokuwepo. Siku moja akamchukua mtoto akaenda naye porini, tukampata amemlaza kwenye nyasi anamwimbia. Mama yangu akaogopa. Akasema akienda tena matembezi yake, asiingie."

"Na babu?" Rispa akauliza.

"Alikuwa ng'ambo ya mpaka, Sirare, kutafuta ng'ombe. Mama alikuwa kisimani. Niliachwa mimi na mtoto, nikaambiwa nifunge. Akaja saa sita mchana. Hakupiga mlango. Aliegemea tu. Alisema kwa Kijaluo, alikuwa amekijifunza vizuri, 'Mmenifungia.' Nikashika komeo. Mtoto alikuwa analia, amesikia sauti ya mama yake. Baadaye kukanyamaza. Nilichungulia kwenye ufa nikamwona ameenda langoni, ameketi kwenye kivuli cha ua. Amenyoosha miguu hivi. Nikafikiri anapumzika."

Habari za mzee wa gemu Rispa alimweleza shangazi kwa ufupi tu, kwamba kuna bibi langoni. Kuketi, kivuli, miguu, hakuna aliyemtajia.

"Mama alipotoka kisimani alimpita akidhani amelala," Priscilla akamalizia. "Kumbe sivyo. Walimzika nje ya ua, haraka, bila matanga. Babu yenu aliporudi hakusema neno. Baba yenu alikua akimwita mama yangu mama. Na hakuna mtoto yeyote katika ukoo wetu aliyepewa lile jina. Tuliogopa kulitaja. Miaka sitini na kitu sijalitaja mpaka leo."

Rispa alikuwa analia. Valary hakulia. Aliuchukua mkono wa shangazi yake, mkono wenye mishipa na pete iliyobana, akaushika kwa muda mrefu. Alikuwa ameandika wasifu wa wafu zaidi ya elfu moja, na wakati wote huo, nyanya yake mwenyewe hakuwa na hata mstari mmoja.

Shangazi alipolala kupumzika, Valary alikiwasha kimashine. Mzee alikuwa langoni, ameketi, kana kwamba miaka sitini ya kungoja ndiyo iliyomzeesha. Alimsogelea, swali likatokea. Valary akaandika herufi sita. Mwanamke yule akasimama. Alipita langoni, akatembea katikati ya mahindi bila kuyagusa, akaingia kwenye nyumba ya kwanza. Valary alisubiri atoke, kama wakazi wengine watokavyo kwenda kazini. Hakutoka. Jua la gemu lilizama, taa za nyumba nyingine zikawaka, ile moja ikabaki na giza lake. Kwenye orodha ya wakazi jina lilikuwepo, na pale panapoandikwa kazi ya mtu palikuwa patupu. Aliizima. Tangu siku hiyo hajaifungua, ingawa Arasa amembembeleza mara nyingi amtumie picha nyingine.

Damu ilirudi wiki ya thelathini na tano, asubuhi. Rispa na jirani walimbeba kwa shuka mpaka barabarani, wakasimamisha gari la mikate. Upasuaji ulichukua saa moja na nusu, Bravin akitembea ukumbini na viatu amevivua bila kujua. Mtoto alikuwa wa kike, kilo mbili na robo, mwenye nywele nyingi hata muuguzi akashangaa.

Bravin alikuwa amejiandalia jina la mama yake, na hakupendezwa. "Mtoto wa Mjaluo aitwe Gesare? Watu wataniuliza nimemtoa wapi."

"Waambie umemtoa kwa nyanya yake," Valary akamjibu kitandani, midomo mikavu.

Walibishana siku mbili. Siku ya tatu mtoto alilia tangu alfajiri, hashiki titi, hatulii begani. Bravin alijaribu mwenyewe, kwa ile njia ya zamani, akimwita majina ya wafu wa kwao mojamoja huku akimtikisa: jina la mama yake, la babu yake, la wajomba. Mtoto akazidisha. Mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, akasema, "Haya. Gesare." Kilio kikakatika katikati, kama redio iliyochomolewa. Bravin akamtazama mkewe.

"Andikeni mnavyotaka," akasema, akamrudisha mtoto kwa uangalifu mno.

Mwisho wa mwezi Valary aliwasomea wenzake daftari, kama kawaida. Anime ya kituo cha treni aliipa sifa kubwa kuliko zote za mwaka, akawaambia wasiitazame wakiwa peke yao. Kuhusu gemu alisema mvua yake haina mfano. Mengine hakuyasoma. Alifunga daftari, akamnyonyesha mtoto. Baada ya hapo alikaa chini kuchapa kurasa nne kuhusu mwanamke aitwaye Gesare, mzaliwa wa upande wa Isebania, mama wa mwana mmoja. Picha hakuwa nayo, akaacha nafasi yake wazi.

Mtoto alipotimiza miezi mitatu walikwenda Lambwe, yeye, Rispa, Bravin na mtoto. Priscilla aliwatangulia nje ya ua na kijitabu mkononi. Vichaka vilishafyekwa kitambo, pamekuwa shamba la alizeti la jirani, mistari imenyooka mpaka kule bonde linakoinuka. Shangazi akasimama. "Ni hapa," akasema. Akasogea hatua ishirini. "Au hapa. Palikuwa na mti." Alitembea huku na huku kwenye alizeti mpaka Rispa akamfuata na kumshika kiwiko. Hapakuwa na alama yoyote. Wakachagua mahali, Bravin akavua kofia, Rispa akaomba. Jua lilikuwa limefika utosini, na hakuna aliyetaka kuchelewa pale.

Wakirudi nyumbani, Priscilla akaomba ampakate mtoto. Walikuwa hawajafika uani alipoanza kumsemesha kwa sauti ya chini, maneno laini, yenye mdundo, yanayojirudia. Hayakuwa Kijaluo wala Kiswahili. Mtoto alikuwa amefumbua macho yote mawili, anamwangalia mdomo.

"Waya," Valary akauliza, "unamwambia nini?"

Bibi kizee akasimama, kana kwamba naye ndio kwanza anajisikia.

"Sijui," akasema. "Ndivyo Gesare alivyokuwa akinibembeleza mimi."